Seva ya Picha na Sauti Isiyodai Uangalizi wa Kila Siku: Muundo Unaofaa Kaya ya Itumba, Wilaya ya Ileje

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna ya kuunda seva ndogo ya nyumbani inayohifadhi picha na sauti za familia na kuzionesha kwenye runinga ya sebuleni, kwa kuzingatia mazingira ya mji mdogo wa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe. Hoja kuu ni kwamba wepesi wa matunzo hautokani na nguvu ya kompyuta bali na idadi ndogo ya vitu vinavyoweza kuharibika. Kipimo cha ubora wa seva ya namna hii ni jinsi inavyoendelea kufanya kazi baada ya aliyeiunda kuondoka nyumbani. Makala yanachambua mahitaji ya umeme, uteuzi wa vifaa, programu, matumizi ya mtandao wa ndani bila intaneti, na utaratibu wa nakala rudufu. Yanahitimisha kwamba kaya inapaswa kutenga kumbukumbu zisizoweza kupatikana tena na burudani inayoweza kununuliwa tena, na kuelekeza gharama kubwa kwenye kulinda kundi la kwanza.

1.0 Utangulizi

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, katika kaya nyingi zilizomiliki runinga kabla ya hapo, chombo hicho kilikuwa kwanza kioo cha kutazamia kanda. Deki ilitangulia antena. Wapiga picha za video walirekodi harusi, ubarikio, mahafali na misiba kwenye kanda za VHS, nazo zikahifadhiwa makabatini pamoja na vyeti na hati za nyumba. Baadaye zilifuata diski za VCD na DVD, kisha kadi za simu na flashi. Sambamba na kumbukumbu hizo za nyumbani, vibanda umiza vilionesha filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri kama Lufufu wa Dar es Salaam, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 filamu za Bongo zilienea kwa kanda na diski hadi mikoani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa picha na sauti, msemo huo hauna budi kuwekewa sharti. Kanda hushika ukungu na utando wake wa sumaku hudhoofika. Diski iliyorekodiwa kwa kompyuta hupoteza uwezo wa kusomeka kadiri rangi yake inavyochakaa. Flashi hupotea mfukoni, na simu huibiwa au huanguka majini. Hata pale kanda ilipo salama, chombo cha kuichezea kinatoweka: kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, ilisitisha utengenezaji wake mwezi Julai 2016. Akiba ya aina hii huoza isipohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa wakati.

Seva ya nyumbani ni mojawapo ya majibu ya tatizo hilo. Hata hivyo, maelezo mengi ya kuunda seva ya aina hii huandikwa kwa kuzingatia nyumba yenye umeme usiokatika, intaneti isiyo na kikomo, na mtaalamu anayeishi humo humo. Makala haya yanaanzia mahali pengine.

2.0 Mazingira ya Itumba na Kilicho Hatarini

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wilaya ya Ileje iko kusini mwa mkoa huo, ikipakana na Malawi, ambako Mto Songwe ni sehemu ya mpaka. Ni eneo la nyanda za juu lenye msimu mrefu wa mvua na radi, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Vifaa vya elektroniki huingia kwa kiasi kikubwa kupitia Tunduma na Mbeya, miji iliyo katika barabara kuu ya kuelekea Zambia, kisha hupelekwa Itumba kwa barabara ya Mpemba–Isongole. Kifaa kinapoharibika, fundi na kipuri mara nyingi huwa safari ya siku nzima.

Mambo matatu ya mazingira haya yanaathiri muundo wa seva moja kwa moja. La kwanza ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, pamoja na radi za masika. La pili ni gharama ya bando: kutazama filamu moja kwa njia ya intaneti kunaweza kumaliza bando la familia la siku kadhaa. La tatu, ambalo halizungumzwi sana, ni nani anayebaki nyumbani. Kijana anayejua kompyuta mara nyingi ndiye anayekwenda kusoma Mbeya, kufanya biashara Tunduma au kuajiriwa Dar es Salaam. Wanaobaki na chombo ni wazazi, bibi na watoto wa shule. Seva inayohitaji amri za kibodi kila inapokatika umeme itakuwa imekufa kabla ya mwezi kuisha, hata kama vifaa vyake vyote ni vizima.

Ileje ni nyumbani kwa wasemaji wa Kindali na Kilambya, lugha zenye maandishi machache. Rekodi ya mzee akisimulia asili ya ukoo wake, au ya kina mama wakiimba kwenye harusi, inaweza kuwa ndiyo nakala pekee ya sauti hiyo duniani. Filamu ikipotea, ipo nyingine kama hiyo kwa mtu mwingine. Sauti ya marehemu ikipotea, hakuna duka la kuinunua. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza maamuzi yote yanayofuata.

3.0 Kazi Mbili za Chombo Kimoja

Seva ya picha na sauti ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwa ghala: kuhifadhi mafaili kwa mpangilio na kuyatoa kwa anayeyahitaji. Ya pili ni kuwa jukwaa: kuonesha picha kwenye runinga na kutoa sauti kwenye sabufa. Katika nyumba kubwa kazi hizi hugawanywa kwa mashine mbili. Kwa kaya ya Itumba, mashine moja iliyo karibu na runinga inatosha, na ndiyo chaguo bora, kwa sababu kila mashine inayoongezwa huleta adapta yake, waya wake na namna yake ya kuharibika.

Ndani ya ghala, mkulima wa Ileje tayari anaijua kanuni inayofaa. Mahindi ya chakula na mahindi ya mbegu hayawekwi pamoja. Ya chakula yakiliwa na wadudu, familia itabana mkanda. Ya mbegu yakiliwa, hakuna msimu ujao. Vivyo hivyo, mafaili ya seva yagawanywe katika makundi mawili tangu siku ya kwanza: rekodi za familia, ambazo ni mbegu, na filamu na muziki wa kununuliwa, ambavyo ni chakula.

Hesabu inaonesha kwamba kundi la mbegu ni dogo kuliko inavyodhaniwa. Kanda ya VHS ya saa 2, ikibadilishwa kuwa faili la kasi ya megabiti 3 kwa sekunde, huchukua takribani gigabaiti 2.7. Kaya yenye kanda 40 za namna hiyo itahitaji gigabaiti 108 pekee. Kwa upande mwingine, filamu moja ya saa 2 yenye picha angavu ya kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua gigabaiti 4.5, na filamu 200 hufikia gigabaiti 900. Kwa maneno mengine, kisichoweza kupatikana tena huchukua sehemu ndogo ya diski, na kinachoweza kupatikana tena ndicho kinachoijaza. Familia inayoona gharama ya kunakili kila kitu mara tatu kuwa haibebeki haina sababu ya kukata tamaa, kwani inachohitaji kunakili mara tatu ni mbegu tu.

4.0 Umeme: Hesabu ya Yuniti

Seva huachwa ikiwaka saa 24, hivyo wati chache hugeuka yuniti nyingi. Kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia wati 100 hula yuniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Kiasi hicho kinakaribia kabisa kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi kinachomtambulisha mteja mdogo wa kundi la D1 la TANESCO. Kaya iliyokuwa ikinufaika na bei nafuu ya kundi hilo itavuka kikomo kwa sababu ya seva peke yake, kisha italipia kila yuniti inayozidi kwa bei ya juu. Kompyuta iliyotolewa bure na ofisi inaweza hivyo kuwa zawadi ya gharama kubwa.

Kompyuta ndogo ya bodi moja, pamoja na diski moja ya inchi 2.5, hutumia wati 10 au chini ya hapo. Ruta ndogo ikiongezwa, jumla hufikia takribani wati 15, sawa na yuniti 10.8 kwa mwezi. Runinga ya wati 50 inayotazamwa saa 3 kila jioni huongeza yuniti 4.5. Mfumo wote unabaki chini ya yuniti 16.

Wati chache zina faida nyingine: betri ndogo inatosha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, aina inayopatikana ndani ya vifaa vingi vidogo vya akiba ya umeme, ina wati-saa 84. Ikitumiwa nusu tu ili isichakae mapema, hubaki wati-saa 42, zinazoweza kuendesha seva na ruta kwa zaidi ya saa 2 baada ya kuondoa upotevu. Lengo la betri hii si kutazama filamu gizani. Lengo ni kuziba mikatiko mifupi, ambayo ndiyo huharibu mafaili, na kuzuia mshtuko wa umeme unaporejea. Betri za risasi na asidi huchakaa kwa kawaida ndani ya miaka 3 hadi 5. Kwa hiyo tarehe ya kuinunua iandikwe juu yake kwa kalamu isiyofutika.

Kuhusu radi, hakuna kifaa cha bei nafuu kinachotoa hakikisho. Kinga ya kweli ni kuchomoa. Ni muhimu kukumbuka kwamba radi haiingii kwa soketi pekee: waya wa antena au wa dishi unaounganishwa kwenye runinga nao ni njia, na kutoka kwenye runinga hufika kwenye seva kupitia waya wa HDMI. Kabla ya mvua kubwa, vyote viwili vichomolewe.

5.0 Uteuzi wa Vifaa

Chaguo mbili zinafaa. Ya kwanza ni bodi ya Raspberry Pi 4, iliyotolewa mwaka 2019. Ya pili ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye kichakataji cha Intel. Ya pili ina nguvu zaidi na inajulikana kwa mafundi wengi, lakini ina feni inayovuta vumbi na, kwa kawaida, haiwezi kupokea amri za rimoti ya runinga. Raspberry Pi 4 inaweza kukaa katika kasha la alumini lisilo na feni, huchambua video za H.264 na H.265 kwa sehemu maalumu ya kichakataji bila kuchemka kupita kiasi, na huelewa amri zinazopita kwenye waya wa HDMI. Uwezo huu wa mwisho ndio unaomwezesha bibi kutumia rimoti ileile ya runinga kuchagua picha za harusi, bila kipanya wala kibodi.

Udhaifu wa Raspberry Pi ni kwamba vipuri vyake havipatikani katika kila duka la vifaa vya umeme. Hata hivyo, udhaifu huo una tiba, nayo imeelezwa katika sehemu ya 8.0.

Makosa matatu hurudiwa mara kwa mara. Kosa la kwanza ni kutumia chaja ya simu badala ya adapta yake halisi ya volti 5 na ampea 3. Bodi huwaka, lakini huzimika ghafla diski inapoanza kuzunguka. Kosa la pili ni kuunganisha diski mbili moja kwa moja: bandari zote nne za USB za bodi hiyo hutoa kwa pamoja ampea 1.2 tu, kiasi kinachotosha diski moja ya inchi 2.5. Kosa la tatu ni kuifungia mashine ndani ya kabati la runinga nyuma ya kitambaa cha kufumwa. Kitambaa ni pambo la sebule, lakini kasha lisilo na feni hupoa kwa hewa inayolizunguka. Liwekwe juu ya rafu, mbali na sakafu na mbali na sabufa inayotikisa diski.

Bodi hii haina betri ya saa. Isipopata intaneti, tarehe yake hubaki nyuma kila inapozimwa. Utazamaji hauathiriki, lakini tarehe za mafaili haziaminiki. Ndiyo maana tarehe ya tukio inapaswa kuandikwa katika jina la faili lenyewe, kama inavyoelezwa hapa chini.

6.0 Programu na Maandalizi ya Mafaili

Programu zinazofaa ni huria na hazina ada. Kodi, iliyojulikana kwa jina la XBMC kabla ya mwaka 2014, hupanga na kucheza picha, filamu na muziki kwenye runinga. LibreELEC, mradi ulioanza mwaka 2016, ni mfumo endeshi mdogo wenye kazi moja: kuwasha kompyuta moja kwa moja ndani ya Kodi. Sifa yake kubwa kwa mazingira ya Itumba ni kwamba sehemu yenye mfumo husomwa tu, haiandikwi. Umeme ukikatika ghafla, hakuna faili la mfumo lililokuwa likiandikwa nusunusu, na ukirudi, mashine huwaka yenyewe hadi kwenye orodha ya picha. Mfumo huu pia una uwezo wa kugawa mafaili yake kwa vifaa vingine vya nyumbani.

Jellyfin, iliyozaliwa mwaka 2018, ni seva kamili zaidi. Humpa kila mtumiaji akaunti yake na kukumbuka alipoishia. Inafaa nyumba yenye watazamaji wengi kwa wakati mmoja, lakini hudai mfumo endeshi wa kawaida na mtu wa kuusasisha. Kwa kigezo cha makala haya, uwezo usiotumika ni mzigo wa matunzo. Kaya ianze na LibreELEC, na iongeze Jellyfin pale tu haja itakapojitokeza.

Kazi nzito kuliko zote kwa seva ni kubadilisha muundo wa video papo kwa papo kwa sababu kifaa cha mtazamaji hakiuelewi. Njia ya kuikwepa ni kuifanya kazi hiyo mara moja tu, kabla faili halijaingia ghalani. Rekodi zote zibadilishwe kuwa video ya H.264, muundo uliosanifishwa mwaka 2003 na unaochezwa na takribani kila simu na runinga ya sasa. Kazi hii ifanywe kwenye kompyuta mpakato ya yule kijana anaporudi likizo. Faili la asili nalo litunzwe, kwa kuwa kila ubadilishaji hupunguza ubora kidogo.

Kanda za VHS zinahitaji deki nzima, kifaa cha kunasa picha cha USB, na subira: kanda ya saa 2 huchukua saa 2. Ianzwe na kanda ambazo wahusika wake ni wazee waliobaki, ili waweze kutaja majina ya waliomo. Picha bila majina ni nusu ya kumbukumbu, na mwenye kuyajua majina hayo hatakuwepo daima.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha tukio na mahali: kwa mfano, «1998-07 Harusi ya Shangazi, Isongole». Mafaili yaliyoitwa hivyo hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa miaka kwenye kifaa chochote, hata programu ya leo ikitoweka.

Jambo moja la kiufundi huwakwamisha wengi. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili la zaidi ya gigabaiti 4. Filamu ya gigabaiti 4.5 hukataliwa hata kama flashi ina nafasi tele, na mwenye flashi hudhani imeharibika. Mpangilio wa exFAT huondoa kikwazo hicho. Kwa diski ya ndani ya seva, ext4 inafaa zaidi, kwa kuwa huweka daftari la mabadiliko linaloisaidia kujirekebisha baada ya umeme kukatika; exFAT haina daftari hilo.

7.0 Mtandao wa Ndani Bila Intaneti

Katika matumizi ya kila siku, neno «waifai» limekuwa sawa na «intaneti», na kwa sababu hiyo watu wengi huamini kuwa ruta isiyo na bando haina kazi. Imani hiyo si sahihi. Ruta ni chombo cha kuunganisha vifaa vya nyumba moja. Intaneti ni barabara inayotoka nje ya nyumba hiyo. Barabara ikifungwa, majirani wa ndani bado wanatembeleana. Simu iliyounganishwa na ruta itaiona seva na kucheza picha zake kwa programu ya VLC bila kutumia hata megabaiti moja ya bando.

Kanuni hii ina ushahidi mpana. Mradi wa Kiwix, ulioanzishwa mwaka 2007, huwezesha ensaiklopidia ya Wikipedia kusomwa bila intaneti, na vifaa vya RACHEL vya shirika la World Possible hupeleka maktaba nzima za masomo kwenye shule zisizo na mtandao. Kaya yenye seva inaweza kufaidika na wazo hilohilo: Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu mwaka 2003, inaweza kuwekwa kwenye diski ileile na kusomwa na watoto kwa programu ya Kiwix ya simu. Seva ya burudani ikawa pia rafu ya vitabu.

Kukosa intaneti kuna faida ya usalama. Mashine isiyofikiwa kutoka nje haihitaji kukimbizana na masasisho ya kila wiki. Kinyume chake, kijana aliye mbali asishawishike kuifungulia seva mlango wa intaneti ili aitazame akiwa Dar es Salaam. Siku atakapofanya hivyo, matunzo yatakuwa ya kila siku.

8.0 Nakala Rudufu na Ratiba ya Matunzo

Kanuni inayokubalika miongoni mwa wahifadhi ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mahali pengine. Kuweka diski mbili ndani ya seva moja hakutimizi kanuni hiyo, kwani radi moja, mwizi mmoja au moto mmoja huchukua zote. Mtoto anayefuta folda kwa bahati mbaya huifuta kotekote pia.

Kwa kaya ya Itumba, nakala ya kwanza ya mbegu ni ile ya seva. Ya pili iwe kwenye diski ya nje inayokaa kwenye sanduku pamoja na hati za familia, isiyounganishwa na umeme. Ya tatu ikae kwa ndugu aliye Tunduma, Mbeya au mbali zaidi. Swali gumu la utaratibu huu ni kumbukumbu ya kuutekeleza, na jibu lake lipo katika kalenda ya familia yenyewe. Mwisho wa mwaka, wanaoishi mbali wanaporudi nyumbani, diski ya nje husafiri nao: iliyokuwa mbali huja kupokea rekodi za mwaka huo, na iliyokuwa sandukuni huondoka nao. Kazi inayofungamana na desturi haisahauliki kwa urahisi.

Tiba ya uhaba wa vipuri nayo ni rahisi. Kadi ya kumbukumbu yenye LibreELEC, baada ya kupangwa na kujaribiwa, inakiliwe kwenye kadi ya pili, itiwe ndani ya bahasha yenye maandishi makubwa, na kubandikwa nyuma ya runinga. Kadi ya kwanza ikifa, ukarabati ni kuchomoa moja na kuchomeka nyingine, jambo linaloweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la saba kwa maelekezo ya simu. Adapta ya akiba iwekwe hapohapo.

Ratiba inayobaki ni fupi. Kila mwezi, vumbi lifutwe. Mwanzoni mwa masika, waya zikaguliwe na wanakaya wakumbushwe kuchomoa. Kila mwaka, afya ya diski isomwe kwa programu ya ukaguzi, nakala zibadilishane, na ikihitajika, faili moja la sasisho liwekwe kwenye folda yake na mashine iwashwe upya. Baada ya miaka 5 hivi, diski ibadilishwe hata kama bado inafanya kazi. Karatasi moja yenye maelekezo haya kwa Kiswahili chepesi, iliyobandikwa ukutani, ni sehemu ya seva kama ilivyo adapta yake.

9.0 Suala la Hakimiliki

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 hulinda kazi za filamu na muziki nchini. Ununuzi wa filamu kwa kuingiziwa kwenye flashi, ingawa umeenea, kwa kawaida haumfikii aliyeitengeneza kazi hiyo. Muundo unaopendekezwa hapa hautegemei biashara hiyo. Thamani yake kubwa imo katika rekodi ambazo familia yenyewe ndiyo iliyozigharimia, na katika kazi zilizopatikana kihalali. Aidha, seva ya kaya haipaswi kugeuzwa kibanda umiza; kuonesha kazi ya mtu kwa umma kunahitaji ruhusa.

10.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba seva isiyodai matunzo hupatikana kwa kupunguza: mashine moja badala ya mbili, wati 15 badala ya 100, mfumo usioandikwa badala ya mfumo unaobadilika, muundo mmoja wa video badala ya mingi, na mtandao wa ndani badala ya utegemezi wa bando. Kila upunguzaji huondoa sababu moja ya kumpigia simu kijana aliye mbali. Kinachopaswa kuongezwa ni kimoja tu, nacho ni nakala za kile kisichoweza kupatikana tena.

Imeonekana pia kwamba kumbukumbu hizo huchukua nafasi ndogo kuliko burudani, na kwamba kaya ya kipato cha kawaida inaweza kuzilinda kwa gharama ya diski mbili ndogo na safari ambayo ingefanyika hata hivyo. Kinachopungua ni muda: deki zinazofanya kazi zinazidi kuwa adimu, na wazee wanaoweza kuwataja kwa majina waliomo kwenye kanda hawaongezeki. Kwa hiyo hatua ya kwanza inayopendekezwa kwa kaya yoyote haihitaji ununuzi wa kompyuta. Ni kufungua kabati, kuhesabu kanda zilizomo, na kukaa na mzee mmoja kuandika majina.